Mikono Mitupu ya Fundi Mdogo

Alikuwa na mvi kichwa kizima na magoti yaliyolalamika kila alipochuchumaa, lakini watu waliendelea kumwita Fundi Mdogo. Kosa halikuwa lao. Karakana ilikuwa na mafundi wawili, ndugu wa tumbo moja, na kaka yake ndiye aliyekuwa Fundi Mkubwa tangu siku walipofungua mlango. Yeye hata angeishi miaka mia angebaki mdogo tu. Hakujali. Alisema jina kubwa lina kazi nyingi, na hizo alizokuwa nazo zilimtosha.

Kazi yao ilikuwa mabomba ya gesi. Si gesi ya jikoni, hiyo waliwaachia wengine. Wao walifunga yale mabomba membamba ya chuma kisichoshika kutu, yanayoanzia kwenye mitungi iliyofungwa minyororo nje ya jengo, yakapenya ukuta, yakatambaa chini ya dari, yakashuka hadi mezani penye mashine. Popote palipotakiwa gesi ifike kavu na safi bila kuvuja njiani, Fundi Mkubwa alijulikana. Sifa yake ilikuwa moja, na aliivaa kama watu wanavyovaa saa ya dhahabu: laini aliyoifunga yeye haikuwahi kurudishwa.

Siri yake, kama ilikuwa siri, ni mikono mitupu. Bomba likishakatwa na kingo zake kulainishwa, linaingizwa kwenye kiungo, na nati inazungushwa kwa vidole mpaka ikatae. Hapo tu ndipo spana inaruhusiwa, mzunguko mmoja na robo, basi. Wenye haraka huanza na spana mapema, au hukaza kama wanalipiza kisasi, na ile pete ndogo ya ndani inakaa upande, gesi ikapata pa kutorokea. Fundi Mkubwa alishikilia kwamba pale nati inapokataa pana sauti, na sauti hiyo husikika kwenye ngozi ya vidole. Aliyevaa glovu kwake alikuwa kiziwi. Mdogo wake alipojaribu kuzivaa ujanani, asubuhi moja ya baridi, alichekwa mpaka wateja wakajua. "Vua hizo soksi za mikono," kaka alimwambia, na tangu hapo hakuzigusa tena.

Kisha kaka akaanguka. Hakuanguka kutoka mahali pa kutisha, ngazi yenyewe ilikuwa fupi, na ndiyo maana mpaka leo ukiifikiria unapandwa na hasira. Shingo ndiyo iliyotua kwanza. Hospitali walimrudisha akiwa na kichwa kinachogeuka na mabega yanayohisi, na kutoka hapo kwenda chini hapakuwa na mwenyewe. Ungeweza kumwagia maji ya moto asijue. Ile mikono iliyosikia nati sasa ililazwa juu ya shuka na mtu mwingine, ikaondolewa na mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine alikuwa Fundi Mdogo. Shemeji yake alikwisha kufariki zamani, watoto wa kaka walikuwa mbali na walijua kupiga simu. Yeye mwenyewe alichelewa kuoa, na akaendelea kuchelewa. Mchana mama wa nyumba ya pili alikuja kukaa na mgonjwa na kumlisha uji kwa kijiko. Asubuhi na jioni zilikuwa za Fundi Mdogo: kumgeuza, kumsafisha, kumkausha, kisha kumpaka marhamu mgongoni na nyongani, palipokuwa na vidonda vya kulala. Marhamu ilikuwa nyeupe, nzito, ya kopo kubwa kutoka hospitali, ya kuzuia unyevu usile ngozi. Aliipaka kwa viganja, polepole, na macho ya kaka yakiwa yameelekea ukutani waliongea mambo ya kazi. Zilikuwa ndizo saa zao nzuri, kama kulikuwa na saa nzuri.

Vidonda havikuwa vinapona. Tuseme ukweli kama ulivyo: vilikuwa vinapigana visizidi, na hata hilo vilianza kushindwa.

Kuna jambo moja lazima lijulikane, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Siku moja Fundi Mdogo alichelewa kazini kwa sababu kitanda kilichafuka wakati anatoka, akakuta mteja amekwisha kumpa kazi mtu mwingine. Akarudi nyumbani na ulimi usio na breki. Akasema, "Leo umenikosesha kazi, kaka." Hakukusudia ubaya, alikuwa amechoka, na maneno ya mtu aliyechoka hayapiti kwenye chujio.  Kesho yake mama wa nyumba ya pili alipoleta kijiko, mdomo wa kaka ulikuwa umefungwa. Na siku iliyofuata hivyo hivyo, na nyingine. Hakugombana wala kulia. Alifunga mdomo tu, kwani ndicho kitu pekee mwilini mwake alichoweza bado kukifunga. Aliufungua pale tu Fundi Mdogo alipopiga magoti kando ya kitanda na kumdanganya kwamba yule mteja amepiga simu, anawataka warudi.

Tangu hapo Fundi Mdogo alijua kwamba kinachomweka kaka yake duniani si uji. Ni kazi. Kila jioni kaka aliuliza, "Laini inasemaje?" Naye alijibu kwa neno lao la miaka yote, neno la bomba lisilovuja: "Imenyamaza." Hapo kijiko kilipokelewa.

Ndipo ikaja kazi ya maabara.

Ilikuwa maabara ya kupima maji na vyakula, kama vina mabaki ya sumu za shambani. Walikuwa wamenunua spektromita, mashine inayopima uzito wa vitu vidogo kiasi kwamba hakuna jicho litakaloviona, na kila kitu kwa uzito wake inakijua ni nini. Msimamizi wake alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, ambaye jengo zima lilimwita Mwalimu kwa sababu alieleza kila jambo mara mbili. Alimweleza Fundi Mdogo kwamba naitrojeni ingepuliza sampuli iwe ukungu na kuukausha, na argoni ingezivunjavunja zile chembe ndani. Kisha akaeleza tena. Akaongeza kwamba mashine hiyo ukitupa kijiko cha sukari ziwani itajua. Fundi Mdogo alicheka, akadhani ni chumvi za wauzaji.

Jioni alipomweleza kaka, uso wa mgonjwa ulibadilika ukawa wa zamani. Alitaka kujua dari ina urefu gani, kona ni ngapi, vali itakaa wapi, mitungi itapata jua au kivuli. Aliijenga laini nzima akiwa amelala. Alikataza viungo vya kuzibwa kwa utepe, akakataza kona kali, akaagiza bomba lipulizwe kabla ya kufungwa. Alikula vizuri siku hizo, hata mama wa nyumba ya pili akamtania kwamba atanenepa washindwe kumgeuza. Siku moja wakati wa kupakwa alisema, akiongea na ukuta, "Hii ndiyo ya mwisho yangu, mdogo wangu. Naitaka inyamaze."

Fundi Mdogo aliifunga kama alivyoagizwa, kiungo baada ya kiungo, kwa vidole vitupu, akisubiri kila nati ikatae. Akajaza gesi, akafunga vali, akaiacha. Alipoirudia geji, mshale ulikuwa palepale alipouacha. Akaenda nyumbani akasema imenyamaza, na kaka akacheka kwa sauti.

Asubuhi Mwalimu akapiga simu. Laini haikuvuja, alisema, tatizo si hilo. Alipofika alimwonyesha kwenye skrini mstari uliopaswa kulala, lakini mahali fulani ulikuwa umeinuka kama kichuguu. Kuna kitu kilikuwa kinakuja na gesi. Alikwisha kujaribu kuilisha mashine kwa mpira mfupi moja kwa moja kutoka kwenye mtungi, na kichuguu kikatoweka. Uchafu ulikuwa kwenye bomba.

Fundi Mdogo alihisi masikio yakipata moto. Maishani mwake hakuwahi kuisikia sentensi hiyo. Alibomoa kila kitu, akaweka mabomba mapya, na Mwalimu akasisitiza safari hii avae glovu. Alizivaa kwa aibu, akaangalia nyuma yake kama mwizi. Nyumbani alisema iliyonyamaza ni ya naitrojeni, ya argoni bado wanapanga mitungi. Alipomaliza, mashine ikawashwa, na wote wawili wakasimama mbele ya skrini.

Kichuguu kilikuwepo. Kilikuwa kidogo kuliko kwanza, lakini kilikuwepo.

Mwalimu hakukasirika, na heri angekasirika. Alivuta kiti, akamwomba akae, akamuuliza anajipaka nini mikononi. Alijibu hajipaki kitu, mikono yake ni ya sabuni na maji. Mwalimu akaitazama ile mikono, akaonekana anatafuta namna ya kuuliza bila kuumiza.

"Kuna mtu unayempaka?"

Akamwambia habari za kaka. Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. Akaeleza kwamba mashine imekitambua kitu chenyewe, ni cha silikoni, kimo kwenye marhamu nyingi za kuzuia maji. Kinang'ang'ania ngozi, kucha, mikono ya shati, na sabuni haikiondoi chote. Safari hii hakueleza mara mbili.

"Lakini mara ya pili nilivaa glovu," Fundi Mdogo alisema.

"Ulizivaa kwa mikono gani?"

Alitoka nje akaenda kusimama kwenye mitungi. Alishika mnyororo mmoja na kuutazama kama anaukagua, maana hakutaka mtu amwone uso. Kwa hiyo uchafu uliokuwa ndani ya bomba alikuwa kaka. Yule ambaye laini yake haikuwahi kurudishwa, sasa imerudishwa mara mbili, na iliyoirudisha ni mgongo wake mwenyewe. Ungetafuta dunia nzima usingepata kejeli mbaya kuliko hiyo. Na hakuna wa kumwambia, kwani wa kuambiwa alikuwa mmoja, na huyo hakupaswa kujua kamwe. Kama kuchelewa siku moja kulimfunga mdomo, hili lingemfunga moja kwa moja.

Mwalimu alimfuata na boksi la glovu. Alisema wakubwa wake wamekubali jaribio moja tu zaidi, na baada ya hapo watamwita mtu mwingine. Avae nguo zilizofuliwa, zisiingie chumba cha mgonjwa. Glovu za kazini zipo, angezikuta. "Hizi ni za nyumbani," alisema, akampa boksi. "Huko ndiko uanze kuzivaa."

Jioni ile alizivalia jikoni, mlango ukiwa umerudishwa. Alijipigia hesabu akaona mambo ni mepesi: mgongo hauhisi. Kaka anatazama ukuta. Hata akipakwa na mgeni wa njiani hatajua. Aliingia, akamgeuza ubavu, akaanza kupaka. Kaka alikuwa katikati ya maelezo kuhusu vali ya argoni. Glovu ikalia kwenye ngozi, mlio mdogo wa mpira, na maelezo yakakatika.

"Umevaa glovu," kaka alisema.

Fundi Mdogo alikuwa na uongo tayari, na aliuona mzuri. Alisema nesi wa hospitali anayewatembelea ndiye aliyeagiza, ili vidonda visiingiwe na uchafu wa mikono.

Kaka aliendelea kuutazama ukuta. Kisha akasema, kwa upole uliomtisha mwenzake, kwamba nesi alikuwapo mchana uleule. Alivikagua vidonda. Alisema anayempaka ana mikono mizuri, aendelee hivyohivyo.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Palikuwa wazi kabisa, kama mlango. Fundi Mdogo alisimama na marhamu vidoleni akaupima ukweli na kuuona ni mzito kuliko alivyodhani. Ukweli ulikuwa hivi: kaka, wewe ndiye uchafu. Hakuweza. Na kwa kuwa hakuweza, kimya chake kilijibu kitu kingine, na kaka alikisikia.

"Usione haya," kaka alisema. "Hata mimi ningeona kinyaa. Umejitahidi sana."

Alimaliza kupaka. Akamgeuza, akamfunika, akaiweka mikono yake juu ya shuka. Na kaka akasema asante.

Neno hilo halikuwa lao. Tangu utoto walipeana nguo, chakula, lawama na makofi bila asante. Ndugu hashukuriwi kwa kuwa ndugu. Kuanzia jioni ile kaka alishukuru kwa kila kitu: kwa maji, kwa mto, kwa kufungiwa dirisha. Alikula alichopewa, si zaidi, kama mgeni asiyetaka kuonekana mlafi. Na hakuuliza tena laini inasemaje. Fundi Mdogo aliingia kila jioni na jibu mdomoni, akalala nalo.

Wakati mwingine, akisukuma zile glovu mgongoni, alitamani kaka amtukane. Alitamani arushiwe maneno, aitwe mshenzi, aulizwe kama yeye alipokuwa mtoto mwenye tumbo la kuhara kuna aliyemshika kwa glovu. Angalau angejua yuko nyumbani. Lakini kaka alikuwa mstaarabu, na ustaarabu ule ulimkata kuliko tusi. Vidonda navyo viliendelea na kazi yao. Cha nyongani kilianza kutoa harufu, na sasa hata kama glovu zingekuwa na sababu nyingine, harufu ilizipa sababu ile ile ya kinyaa.

Laini ya tatu aliifunga na glovu mpya, nguo mpya na moyo uliokufa. Hakusikia nati hata moja. Aliweka alama ya kalamu kwenye kila kiungo, akazungusha spana kwa macho, mzunguko mmoja na robo, kama mtu anayesoma sala ya dini isiyo yake. Ilipojaa gesi geji haikutetereka. Mwalimu akawasha mashine, akasubiri ipate joto, akasogeza kiti.

Mstari ulilala. Ulilala kutoka mwanzo wa skrini mpaka mwisho, na pale palipokuwa na kichuguu palikuwa pamesawazishwa.

"Hakuna kitu, Fundi," Mwalimu alisema. "Hakuna kitu kabisa." Alifurahi mpaka akaita wenzake kutoka chumba cha jirani, wakaja wakapiga makofi, mmoja akamshika mkono. Fundi Mdogo alitabasamu inavyopaswa. Macho yake hayakutoka pale palipokuwa na kichuguu. Mashine inayojua kijiko cha sukari ziwani ilikuwa imemtafuta kaka yake kote, ikatoa ushahidi kwamba hayupo.

Njiani kurudi alipiga moyo konde. Kazi imekwisha, alijiambia, sasa anaweza kusema yote. Ataigeuza iwe kichekesho: mashine ya ajabu, kaka, ina pua kuliko mbwa, imenusa marhamu yako kutoka mtaa wa tatu. Watacheka. Atajua glovu zilikuwa za nini. Alifika mlangoni amekwisha kupanga hata mahali pa kutua pumzi.

Kaka alikuwa ameelekezwa dirishani. Alikuwa amekonda usoni, na Fundi Mdogo aliliona hilo kana kwamba alikuwa amesafiri. Akamwambia laini imenyamaza.

"Vizuri," kaka alisema. "Asante kwa kuniambia." Kisha, baada ya muda, bila kugeuza kichwa, akauliza swali lake la kwanza tangu jioni ile. "Haikurudishwa?"

Aliuliza taratibu, kama anayeuliza kuhusu mtoto wake aliye mbali. Hakukuwa na kitu kingine kilichobaki kwa mtu yule. Miguu haikuwepo, mikono haikuwepo, na ndugu, kwa alivyojua yeye, alikuwa anampaka kwa mpira. Kilichobaki kilikuwa hicho tu.

"Hata mara moja," Fundi Mdogo alijibu.

Kaka akafumba macho, akatabasamu kidogo. Na kichekesho chote, pamoja na mahali pa kutua pumzi, kikafia hapo. Hakuna namna ya kueleza glovu kwa laini ambayo haikurudishwa.

Alikwenda jikoni akanawa. Boksi lilikuwa kwenye rafu, bado lina nyingi. Aliliacha. Alirudi na mikono mitupu, akamgeuza kaka ubavu, akachota marhamu kwa kiganja, akaanza chini, nyongani penye harufu, polepole kama zamani. Hakukuwa na mlio wowote. Alipanda na uti wa mgongo, pingili kwa pingili, mahali ambapo hakuna aliyemhisi, mpaka akafika mabegani, pale ambapo mwenyewe bado yupo. Akaweka kiganja, akakituliza hapo.

Alisikia bega likishtuka chini ya ngozi yake. Alisubiri.

"Glovu zimekwisha?" kaka aliuliza.

Fundi Mdogo aliutazama ukuta ule ambao kaka aliutazama. "Zimekwisha," alisema.

"Pole," kaka alisema. "Usijali, hapo panatosha. Kesho utapata nyingine."